Sikiliza Moteri Yako: Sauti Mbaya za Motokari na Hatari Zake kwa Mwili



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu vya usalama, mavumbi na maji ya kunywa. Leo tunazungumza juu ya moteri ya motokari. Msiseme kwamba muganga ameingia kazi ya watu wa garaji. Siku hizi wafanyakazi wengi wamenunua motokari za okazioni kutoka Japani na Ulaya. Wanakwenda nazo kazini, wanapeleka watoto masomoni, na siku ya Mungu wanafungua kapo uani na kuanza kutengeneza wenyewe. Siku ya kwanza ya juma tunawapata dispanseri: mmoja ameungua uso kwa maji ya radiateri, mwingine kidole kimepigwa na ventilateri, wa tatu amemeza esansi. Mara nyingi, kabla ya ajali, moteri ilikuwa imekwisha kusema kwa siku nyingi, lakini hakuna aliyeisikiliza.

Namna ya kusikiliza

Muganga anapopokea mgonjwa wa kikohozi, haanzi kutoa dawa. Anauliza: umeanza lini, usiku au mchana, ukilala au ukitembea? Kwa moteri ni vilevile. Sauti inatokea moteri ikiwa baridi au ikiwa moto? Inatokea ukipanda mlima, au hata motokari ikisimama? Na jambo la kwanza kabisa: je, sauti ni ya moteri kweli? Simamisha motokari, usiingize gia, kanyaga mafuta kidogo. Sauti ikipanda pamoja na moteri, ugonjwa uko kwenye moteri. Ikiwa inasikika tu wakati magurudumu yanazunguka, tafuta kwenye magurudumu na breki, na usipoteze pesa kufungua moteri.

Kupata mahali penyewe, mafundi wanatumia turnevisi ndefu. Wanaweka ncha juu ya chuma, na mpini karibu na sikio. Sauti inapita katika chuma, sawa na inavyopita katika kile kipimo tunachoweka kifuani kwa mgonjwa. Ni njia nzuri na haina bei. Lakini moteri inazunguka wakati huo! Basi vua pete na saa, ingiza shati ndani ya suruali, na mama asikaribie akiwa na kitenge kinachoning'inia. Usiweke turnevisi karibu na mikaba wala ventilateri. Katika motokari nyingi za sasa ventilateri inaendeshwa na umeme wa batri, nayo inaweza kuanza yenyewe hata kama moteri imezimwa. Mtu anaona mabawa yamesimama, anatia mkono, na mara yanazunguka.

Mlio mwembamba wa asubuhi

Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, wakati wa baridi, utasikia motokari ya jirani inalia «wiii» inapowashwa, kisha inanyamaza. Huo ni mkaba, ule wa mpira ambao mafundi wanauita kuruwa. Umelegea au umezeeka na kung'aa, kwa hiyo unateleza. Zima moteri, utazame. Ukiwa na nyufa au nyuzi zinatoka, badilisha. Ukiwa mzima lakini umelegea, kaza. Kwa mikaba ya zamani, ukiusukuma kwa kidole gumba katikati, ushuke karibu sentimeta 1. Watu wengine wanapaka sabuni, wengine wanatia mafuta ili unyamaze. Mafuta yanaharibu mpira, na mkaba ukikatika njiani kati ya Likasi na Kolwezi, batri haipati umeme tena, na kwa moteri nyingi maji hayazunguki.

Sauti ikiwa nzito, kama jiwe linasagwa, inatoka kwa pompi ya maji, kwa alternateri au kwa gurudumu dogo linalokaza mkaba. Fundi anaweza kuondoa mkaba na kuwasha moteri kwa sekunde chache tu. Sauti ikipotea, amepata upande wa kutafuta. Asiache moteri izunguke hivyo, kwa sababu maji hayapoi.

Tik-tik ya juu na kishindo cha chini

Hizi sauti mbili watu wanazichanganya, nazo ni tofauti kama mafua na kifua kikuu.

Tik-tik nyepesi kutoka juu ya moteri, ya haraka, mara nyingi inatoka kwa valvu. Sababu ya kwanza ya kutazama ni upungufu wa mafuta ya moteri. Weka motokari mahali pa sawasawa, zima, ngoja dakika chache mafuta yashuke. Vuta kile kijiti cha chuma, kipanguse, kirudishe, kivute tena. Mafuta lazima yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Usipite alama ya juu, kwa sababu mafuta mengi mno nayo ni mabaya. Kama kiasi ni kizuri na tik-tik inaendelea, pengine mafuta yamechakaa au nafasi ya valvu inataka kupimwa upya. Hapo fundi aitwe, lakini si ya kuogopesha.

Kishindo kizito kutoka chini, «gbo-gbo-gbo», kinachozidi ukikanyaga mafuta, ni jambo lingine. Ndani ya moteri vyuma vinavyozunguka havigusani. Kati yao kuna ngozi nyembamba sana ya mafuta, nayo inabeba uzito wote. Ngozi hiyo ikikatika, chuma laini kilichowekwa pale kinaliwa, nafasi inakuwa kubwa, na chuma kinaanza kupiga chuma. Ukisikia hivyo, au taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, simama kando ya njia na uzime mara hiyo. Usiseme «nitafika tu nyumbani». Kilometa 5 zinatosha kuvunja moteri yote, na moteri ikikwama ghafula mbele ya kamyo la madini, hapo hatuzungumzi tena juu ya bei ya vyuma.

Mafuta mapya hayaponyi kishindo hicho. Mafuta mazito yanakificha tu, na wauzaji wengine wanajua hivyo. Kwa hiyo ukienda kununua motokari, weka mkono juu ya kapo kwanza. Kapo likiwa moto, muuzaji amekwisha kuwasha moteri kabla hujafika. Mwambie kwa heshima utarudi kesho, na kwamba utaiwasha wewe mwenyewe ikiwa baridi.

Neno juu ya mafuta yaliyotumika. Usiyamwage kwenye shamba la mboga wala kisimani. Usiyapake kwenye kidonda, ingawa wazee wengine wanafanya hivyo. Yakikaa juu ya ngozi mara nyingi kwa miaka, yanaweza kuleta kansa. Na usinawe mikono kwa esansi ili kuyatoa. Esansi inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inapasuka, na uchafu unaingia zaidi. Sabuni na maji, au sabuni na unga kidogo wa mahindi, vinatosha.

Kulia kama misumari ndani ya kopo

Unapanda mlima, motokari imejaa, na moteri inatoa sauti ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Esansi inalipuka vibaya, kabla ya wakati wake. Moteri kupata moto sana ni sababu moja, umeme wa bujie kutokea mapema ni nyingine. Lakini kwetu ukanunue esansi kwa chupa kando ya barabara, kwa wale vijana tunaowaita Kadhafi, kisha usikie sauti hiyo siku ileile, huna haja ya kutafuta mbali. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa inaleta jambo hilo. Punguza mwendo, rudi gia ya chini, usikanyage sana, na ukaweke esansi nzuri.

Hapa ndipo kazi yetu ya dispanseri inaanza, kwa sababu mtu anataka kutoa ile esansi mbaya. Anachukua mpira, anauingiza ndani ya tanki, anavuta kwa mdomo. Usifanye hivyo hata mara moja. Esansi ni nyepesi, inaingia kwenye mapafu kwa urahisi kuliko kwenye tumbo, na tone kidogo linaweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu. Tumia pompi ndogo ya mkono.

Na kama mtu amekwisha kumeza, au mtoto amekunywa petroli ya taa katika chupa ya limonadi? Usimtapishe. Usimpe maziwa, wala mafuta ya mawese, wala maji ya chumvi. Kutapika kunapandisha esansi na kuifanya iingie kwenye mapafu, na hapo ndipo kifo kilipo. Mvue nguo zenye esansi, msafishe ngozi kwa sabuni, mlete hospitali. Hata kama anacheka na kuomba chakula, tunamwangalia masaa 6 ya kwanza. Akianza kukohoa au kupumua mbio, asirudishwe nyumbani.

Pf-pf-pf: sauti ndogo inayoua

Mama wa nyumba na watoto wakubwa wasome sehemu hii kwa makini, kwa maana shofere hayuko peke yake ndani ya motokari.

Wakati moteri ni baridi unasikia «pf-pf-pf» au «tek-tek-tek» upande ambapo bomba la moshi linaanza. Baada ya dakika chache sauti inapungua. Watu wanafurahi: imepona. Haikupona. Chuma kimepata moto, kimevimba, kimeziba nafasi kwa muda. Kesho asubuhi inaanza tena. Au bomba limetoboka chini ya viti, na motokari inanguruma kama kamyo. Wengine wanapenda ngurumo ile, wanasema motokari imepata nguvu. Imepata tundu.

Moshi wa esansi una gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Harufu unayosikia ni ya vitu vingine vya moshi; gazi yenyewe pua haiijui. Ni ndugu ya ile inayotoka kwa mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa, na watu wa chini ya ardhi wanaijua, kwa sababu inabaki pia baada ya kulipua mwamba. Katika migodi ya Uingereza walikuwa wanabeba ndege wadogo, kanari, ili ndege aanguke kabla ya mtu. Waliacha kuwatumia mwaka 1986, baada ya kupata vipimo vya umeme.

Kazi ya damu ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kwa ubongo na moyo. Gazi hii inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ile. Basi hata ikiwa kidogo, inakaa mahali pake na kuifungia mlango. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo unakosa.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi. Wengi wanasema ni malaria. Tulipokea familia iliyotoka safari ndefu, na baba alikuwa anaomba sindano ya malaria. Mfanyakazi wa dispanseri akamwuliza:

– Papa, kichwa kilianza wapi?

– Mu njia, docta.

– Na watoto?

– Nabo pia. Bote banalala tu, bamoja banatapika.

Malaria haishiki watu watano katika saa moja. Watu wa motokari moja, au wa nyumba moja, wakiumwa kichwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, fikiria gazi kwanza. Katika motokari ile bomba lilikuwa limefungwa kwa kitambaa na bati na waya, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu ya mizigo. Kufungua mlango wa nyuma si dawa. Motokari inapokwenda, hewa inazunguka nyuma yake na kurudisha moshi ndani.

Mambo ya kufanya: simama, zima moteri, toa watu wote nje, wakae kwenye hewa. Asiyeamka mlaze kwa ubavu ikiwa anapumua, na umpeleke hospitali. Tukimpa oksijeni kwa maski, gazi inapungua kwa nusu karibu kila saa 1 na nusu. Bila oksijeni inaweza kuchukua masaa 4 au 5. Mwanamke mwenye mimba aletwe hata akijisikia vizuri, kwa sababu damu ya mtoto tumboni inashika gazi kwa muda mrefu kuliko ya mama. Na waganga wenzangu wajihadhari na kile kipimo kidogo cha kidole. Hakitofautishi gazi hii na oksijeni, kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekaribia kufa. Uliza safari, usitazame namba peke yake.

Sasa namna ya kutafuta tundu. Fanya nje, mahali wazi, asubuhi moteri ikiwa baridi. Mtu mmoja awashe, mwingine azibe kidogo mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene akiwa amevaa glavu, kwa sekunde chache tu. Moshi utatoka kwa nguvu mahali palipotoboka, na sauti itaongezeka. Tazama pia alama nyeusi za masizi kwenye viungo vya bomba. Mara nyingi utakuta kizibio kati ya moteri na bomba kimeungua, au bulo moja imekatika. Kizibio kipya hakina bei kubwa. Bomba lenye kutu linakatwa na kuunganishwa upya. Anayechomelea aondoe kwanza kila kitu chenye esansi karibu, na asichomelee chini ya tanki. Ule mtungi wa katikati ya bomba unaopunguza sumu ya moshi usiukate, wala usikubali fundi akuuzishe. Motokari isiyo nao inatoa gazi nyingi zaidi.

Usipashe moteri moto ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Itoe nje kwanza, ndipo uwashe.

Wa motokari za mazuti wasijidanganye. Mazuti yanatoa gazi hii kidogo kuliko esansi, lakini mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu waliuweka moshi wa mazuti kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu. Anayekaa siku nzima nyuma ya mashine chini ya ardhi, na jioni arudi katika motokari yenye moshi, anakula mara mbili.

Sss ya radiateri

Sauti ya «sss» pamoja na mvuke mweupe, na sindano ya moto imepanda. Zima. Usifungue kifuniko.

Lubumbashi iko karibu meta 1200 juu ya bahari, kwa hiyo maji kwenye sufuria wazi yanachemka kabla ya digri 100. Lakini radiateri imefungwa kwa nguvu, na ndani yake maji yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Siku unapofungua kifuniko, nguvu inaondoka, na maji yote yanachemka kwa mara moja. Yanaruka usoni, shingoni, kifuani. Kitambaa ulichoshika hakikusaidii neno. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa na mkono. Halafu tafuta: mpira uliopasuka, pompi inayovuja, ventilateri isiyozunguka. Usimwage maji baridi ndani ya moteri yenye moto, chuma cha juu kinaweza kupasuka.

Aliyeungua, mtie chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20, hapohapo, kabla ya kutafuta motokari ya kumleta. Si barafu. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta, si unga. Vitu hivyo tunalazimika kuvitoa kwa kuvikwaruza, na mgonjwa analia mara ya pili. Vua pete kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi. Ameungua uso, mikono au sehemu za siri: hospitali, hata kama ni kidogo.

Yale maji ya rangi yanayouzwa kwa radiateri ni mazuri kwa moteri, lakini yana ladha tamu, na ni sumu. Yasikae katika chupa ya limonadi. Mbwa anayakunywa, na mtoto pia.

Moteri inayochechemea

Moteri inayotetemeka na kupiga «pa… pa-pa… pa» ina silinda moja isiyofanya kazi. Toa bujie, zitazame. Iliyo nyeusi na yenye unyevu inaonyesha silinda mgonjwa. Badilisha zote pamoja. Lakini zitoe moteri ikiwa imezimwa na imepoa. Ile desturi ya kuvuta waya moja moja moteri ikizunguka iachwe. Umeme pale unapita volti 20.000, unakurusha nyuma, na mkono unaorudi kwa ghafula unaangukia mkaba. Mwenye mashine ndogo ya moyo kifuani asisimame kabisa karibu na kapo lililofunguliwa moteri ikiwaka.

Ukilazimika kwenda chini ya motokari, kriki peke yake haitoshi, wala tofali. Tofali linabeba vizuri mpaka dakika linapovunjika, halitoi onyo. Tumia miguu ya chuma, au magogo mapana ya mti mgumu, funga breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na mtu mmoja abaki nje anayejua kuita msaada.